Nyumba ya Nyoka wa Nyumba

Wengi wetu hapa Bunia, mkoani Ituri, Kongo, tumemwona akiwa ameshakufa tu. Ni nyoka mwembamba wa kahawia. Ngozi yake ikipigwa na mwanga hutoa rangi za upinde wa mvua, na kila upande wa kichwa ana mistari miwili hafifu, mmoja juu ya jicho na mwingine chini yake. Wanasayansi humwita Boaedon. Wafugaji humwita nyoka wa nyumba, kwa sababu huwafuata panya hadi ghalani na darini. Hana sumu. Humkamata panya, humzunguka, humbana mpaka afe. Mchana hujificha, usiku hutoka, na anayekutana naye uani kwa tochi ya simu huita majirani, nao huja na fimbo.

Nataka kuisifu kazi ya watu wanaomjengea nyoka huyu makao: sanduku lenye udongo, majani makavu, magogo na mmea hai, ambamo anaishi karibu sawa na anavyoishi chini ya ghala la mahindi. Ndani ya kazi hiyo mna useremala, mna kilimo, mna subira nyingi, na kwa maoni yangu inastahili heshima ileile tunayompa mfumaji wa vikapu au mchonga viti.

Nyoka hawezi kujitengenezea joto. Maisha yake yote ni kuhama mwendo mfupi: kutoka jiwe lililokunywa jua kwenda kivulini, kutoka pakavu kwenda penye unyevu, kutoka mahali pa wazi kwenda kwenye ufa unaombana mbavu. Porini huamua mwenyewe, usiku na mchana. Ukimfungia katika sanduku tupu lenye joto la namna moja, umemnyang'anya maamuzi yote. Fundi mzuri humrudishia. Katika urefu wa mita moja hupanga upande wa joto na upande wa ubaridi, penye giza na penye mwanga, pa chini na pa juu, kisha hukaa kando na kumwacha nyoka achague. Hapo ndipo ninapoupima ubora wa kazi. Sanduku zuri kwa macho yetu lisilompa nyoka nafasi ya kuchagua ni pambo la sebuleni.

Watu wamechukua muda mrefu kulielewa hilo. Bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la reptilia mwaka 1849, la kwanza la aina yake duniani, na nyoka wa huko walipewa mablanketi ya kujifichia. Mmoja akalimeza la kwake. Blanketi lilimpa joto na giza kwa pamoja, akitaka kimoja lazima akubali na kingine. Majani makavu yaliyorundikwa pembe zote mbili yangemfaa zaidi, na hayana bei.

Kwetu mbao hazikosekani. Mbao za libuyu huja kwa malori kutoka msitu wa Mambasa kupitia Komanda, na mabaki ya karakana ya seremala yanatosha sanduku zima. Ila ubao uanikwe mpaka harufu ipungue, na vanishi ikauke kabisa, maana nyoka hunusa kwa ulimi na huishi pua yake ikigusa sakafu. Kioo kiwe upande mmoja tu. Tatu zilizobaki ziwe mbao, ili asijione amezingirwa na macho. Mlango uwe mbele. Mkono unaoshuka kutoka juu ni kucha za mwewe kwake, naye ataishi kwa hofu kila ukibadilisha maji. Matundu ya hewa yazibwe kwa wavu wa mbu, na kila ufa utafutwe kwa kidole, kwa kuwa kichwa chake chembamba hupita mahali ambapo hukudhani. Miguu ya meza inayobeba sanduku isimame ndani ya makopo ya maji. Anayeijua Ituri anajua sababu: siafu wakiingia usiku, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni sakafu. Chini kabisa hukaa kokoto na vipande vya mkaa, ili maji ya ziada yapate pa kushukia bila kuoza. Juu yake udongo uliochanganywa na mchanga, uliochotwa chini ya miti mbali na mashamba yanayopuliziwa dawa. Wapo wanaouoka udongo huo kuua kila kilichomo. Mimi naona wanatupa nusu ya mali. Chunguza, ondoa sisimizi na tandu, lakini waache wale viumbe wadogo wa kijivu wanaokaa chini ya magome yaliyooza, na vijidudu vyeupe vinavyoruka ukifunua jani. Hao hula kinyesi na ukungu, na udongo unabaki na harufu ya msitu baada ya mvua. Juu kabisa ni majani makavu, kina cha vidole vinne. Ya mwembe na ya mpera yanafaa. Ya mkaratusi, ingawa yamejaa kila upande wa mji, yana mafuta makali, yaachwe nje. Mmea mmoja unatosha, na sijaona unaoshinda sansevieria: asili yake ni Afrika hii hii, hauhitaji maji mengi, na haujali kukanyagwa.

Kisha maficho. Yawe mawili angalau, moja kila upande, na yawe finyu. Nyoka hutulia anapoguswa na ukuta pande zote. Pango pana kwake ni uwanja. Ukimpa ficho moja tu, tena upande wa joto, atabaki humo hata joto likimzidi, maana kati ya usalama na ubaridi atachagua usalama.

Joto lenyewe ndilo linalomtoa fundi jasho hapa. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, na umeme si wa kutegemewa. Kinachotakiwa ni karibu nyuzi 30 upande mmoja na 24 hivi upande wa pili. Ukuta unaopata jua la alasiri husaidia, na jiwe bapa lililolazwa juu ya chupa ya maji moto hutunza joto hadi usiku. Lakini jua lisipige kioo moja kwa moja hata kidogo. Nyoka anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Vipimajoto viwe viwili, tena vilazwe chini, mahali tumbo lake linapopita.

Kuhusu unyevu, nyoka mwenyewe hukupa majibu. Akikaribia kujivua, macho hugeuka ya maziwa na rangi hufifia. Kopo lenye ukoga mbichi likiwepo, huingia humo, na ngozi hutoka nzima kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia, hata vifuniko vya macho vikionekana. Ikitoka vipandevipande, sanduku ni kavu mno. Hakuna mkaguzi aliye mkweli kuliko ngozi hiyo.

Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kati ya 1909 na 1915 wakikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya New York, na mwaka 1923 Karl Patterson Schmidt alichapisha maelezo ya nyoka wa mkusanyiko huo. Nawaheshimu. Bila wao tusingekuwa na majina ya kuanzia. Hata hivyo nyoka wa chupani hukuonyesha idadi ya magamba na umbo la meno, basi. Aliye hai katika sanduku lililopangwa vema hukuonyesha saa anayoamka, jinsi anavyonusa njia ileile mara nyingi kabla ya kutoka, jinsi anavyopanda gogo usiku wa mvua. Mambo hayo mzee wa kijiji anayajua kwa sehemu, na msomi kwa sehemu. Mwenye sanduku huyaona jioni baada ya jioni akiwa ameketi kimya.

Schmidt huyo huyo alikufa karibu na Chicago mwaka 1957, ameumwa na nyoka mchanga wa mitini wa Afrika ambaye jeraha lake lilionekana dogo. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: nyoka wa sumu hana nafasi katika nyumba ya watu. Na asiyejua asiokote. Yupo nyoka mweusi wa ardhini, Atractaspis, mdogo na mpole wa sura, ambaye huchoma kwa jino la pembeni hata ukimshika nyuma ya kichwa; watu wengi wamemdhania nyoka wa nyumba. Tena kuna sheria: chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES, na Kongo ina Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile. Anayetaka kumtunza mnyama wa porini aanze kwa kuuliza ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa maumbile. Aanze pia na majirani. Kwetu mtu mwenye nyoka ndani huweza kuitwa mulozi, yaani mchawi, kabla hajafungua mdomo, na jina hilo limeshagharimu maisha ya watu. Sanduku likae mahali wageni wanaliona, mlango ukiwa na kufuli, watoto wa mtaa wakaribishwe kutazama na kuuliza.

Tena tuna sababu yetu wenyewe ya kumtazama upya nyoka huyu. Ituri ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako tauni bado huwapata watu, hasa nyanda za juu za Rethy, na ugonjwa huo husafiri kwa viroboto wa panya. Mla panya asiye na sumu anauawa katika mkoa huu huu. Kwa sababu ya tauni hiyohiyo, chakula chake cha sandukuni kisitoke darini. Panya wake wafugwe kwenye boksi safi, apewe aliyekwisha kufa, kwa koleo, giza likishaingia. Asipomchukua, aondolewe asubuhi na ajaribiwe tena wiki inayofuata.