Namna ya Kuijua Chai Nzuri Kabla ya Kutia Maziwa

Iliki, tangawizi na sukari ya kutosha huweza kuficha majani mabovu ya chai kwa miaka mingi. Mnywaji huridhika, kumbe anachokisifu ni viungo. Anayetaka kuijua chai yenyewe hana budi kuionja ya rangi kwanza, bila sukari na bila kiungo. Waonjaji wa mnada wa Mombasa, ambako huuzwa chai za Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika, hukagua vitu vitatu: majani makavu, maji ya chai, na majani yaliyokwisha kuloweshwa. Vyote vitatu unaweza kuvikagua jikoni kwako.

Majani makavu

Chai nyingi ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuponda, kurarua na kuviringa. Majani mawili na chipukizi lake yakishachumwa hunyaushwa, hupitishwa kwenye rola zenye meno zinazoyakata na kuyaviringa, kisha huachwa yapigwe na hewa mpaka kijani kigeuke rangi ya shaba, ndipo yakaushwe kwa joto kali. Hapo hutoka zile punje tunazozijua, nazo huchekechwa kwa ukubwa: BP1 ni kubwa, hufuata PF1, kisha PD, na D1 ni laini. Herufi hizo zinaeleza ukubwa wa punje, hazikuhakikishii ladha. Punje kubwa hutoa rangi polepole. D1 huitoa upesi na ikiwa nzito, ndiyo maana huwafaa wapikaji wa chai ya maziwa.

Mwaga kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Punje nzuri ni nyeusi au za kahawia iliyokoza, zinalingana, na hazivurugiki kuwa unga ukizisugua kidogo kwa vidole. Ukiona nyuzi na vijiti vyekundu vimejaa, hayo ni makapi ya vikonyo na mishipa ya majani yaliyokomaa. Yanaongeza uzito kuliko ladha. Kisha vuta harufu. Chai iliyo hai hunukia utamu kidogo. Ikinuka boksi, moshi au sabuni ya dukani, iache, kwa sababu majani ya chai hufyonza kila harufu iliyo jirani na hayaitoi tena.

Maji ya chai

Kipimo cha kimataifa cha kuonjea ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka sasa hivi, yafunikwe kwa dakika 6. Ukiwa na pakiti mbili, zipime kwa kiasi kilekile, maji yaleyale na muda uleule, la sivyo utakuwa unalinganisha mkono wako na si majani. Tumia maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima chenye chumvi huifanya chai iwe nzito kwa rangi, dhaifu kwa ladha, na huacha utando juu ya kikombe hata kama majani ni ya daraja la kwanza.

Mimina kwenye kikombe cheupe. Rangi nzuri ni nyekundu inayong'aa, unayoweza kuona mpaka chini. Weusi si dalili ya ubora. Chai iliyofifia huweza kuwa nyeusi tii na isiwe na lolote mdomoni.

Sasa onja, na hapa utofautishe ukakasi na uchungu. Ukakasi hukamata ufizi na pande za ulimi, kisha huachia, mate yakarudi na kinywa kikabaki kisafi. Huo ndio nguvu ya chai, na chai za milimani kama za Kericho zinasifika kwa huo. Uchungu hukaa kooni na hautoki. Chai ikiwa chungu ndani ya dakika zile 6, kosa ni la majani. Ikiwa chungu baada ya nusu saa jikoni, kosa ni la mpishi.

Kiache kikombe kipoe kabisa. Chai yenye nguvu ikipoa huingia ukungu, kama imetiwa tone la maziwa, kwa kuwa kafeini hushikamana na vile vitu vinavyoipa chai rangi na ukakasi. Wengi huimwaga wakidhani imeharibika, ilhali hiyo ni sifa yake. Mwisho, tia kijiko cha maziwa kwenye chai ya moto. Ikigeuka rangi ya dhahabu au chungwa, umepata. Ikigeuka kijivu, rudi dukani.

Majani yaliyoloweshwa

Usiyatupe yaliyobaki kwenye chujio. Yageuze kwenye sahani: yakiwa na wekundu wa shaba unaong'aa, kiwandani yalipata hewa kwa kiasi. Yakiwa na ukijani, yalikaushwa mapema, na ladha yake itakuwa mbichi. Yakiwa meusi yaliyofubaa, yalicheleweshwa au yaliungua.

Viungo

Majani yakishapita, viungo navyo vikaguliwe. Ganda la iliki liwe la kijani na limejaa; lipasue, mbegu ziwe nyeusi na zinanata. Karafuu ibonyezwe kwa ukucha hadi itoe mafuta. Ukiitia majini, nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha mafuta huelea kwa ubavu. Mdalasini wa kweli ni tabaka nyembamba nyingi zilizoviringana na huvunjika kwa vidole. Ule wenye ganda moja nene na gumu ni kasia, mkali zaidi na hauna utamu ule. Tangawizi mbichi ichemshwe kwanza na maji ndipo maziwa yaingie, kwani ina kimeng'enya kinachokata maziwa, nacho hufa kwa moto.

Kahawa

Wanywaji wa kahawa chungu ya pwani wametutangulia, maana kahawa hiyo ya dele, yaani birika lake, hunywewa bila maziwa wala sukari, na utamu huachiwa kashata au tende. Katika finjani hakuna pa kujificha. Nunua buni zilizokaangwa sawasawa, zisizochanganyika nyeusi na za hudhurungi, na utwange kiasi cha siku chache tu, kwa kuwa unga hupoteza harufu upesi kuliko buni nzima. Arabika ya Kilimanjaro ina uchachu mwepesi na harufu nzuri. Robusta ya Kagera ni nzito na kali. Zote mbili ni halali, mradi ujue unanunua ipi.

Majani, viungo na buni vyote vitunzwe kwenye kopo linalofunga barabara, mbali na jiko, jua na kitunguu. Nunua pakiti ndogo mara nyingi badala ya kubwa mara moja. Na fedha ikitosha kitu kimoja tu, itie kwenye majani: chai nzuri isiyo na iliki inanyweka, lakini hakuna iliki iliyowahi kuifanya chai mbovu iwe nzuri.