Jibu Linalongoja Kuitwa

Katika OpenXM, itifaki iliyobuniwa Japani na Masayuki Noro, Nobuki Takayama na wenzao ili programu za hisabati ziweze kusemezana, pa kusoma polepole ni pale seva inaponyamaza.

Tuseme mteja anataka seva ya Risa/Asir, programu ya aljebra, ipasue x^10 - 1 katika vigawo vyake. Hutuma kwanza polinomia yenyewe, nayo seva huiweka juu ya rundo lake (stack). Hufuata namba 1, yaani kazi hiyo inahitaji kitu kimoja tu. Kisha jina la kazi, fctr. Kufikia hapo seva imepokea na kupanga tu, haijahesabu lolote. Ndipo inapoingia amri ya SM_executeFunction. Kwa kuwa kilichowekwa mwisho ndicho hutoka kwanza, seva huchopoa jina, kisha idadi, kisha polinomia, hupiga hesabu na kuliweka jibu juu ya rundo. Basi, kimya. Jibu halitoki mpaka mteja atume SM_popCMO.

Ukimya huu una faida yake. Katika aljebra ya kompyuta, matokeo ya katikati huweza kufura kuliko swali na jibu la mwisho kwa pamoja. Anayekokotoa besi za Gröbner anaijua adha hiyo. Kwenye rundo, tokeo hubaki lilipozaliwa na kulishwa moja kwa moja kwenye hesabu inayofuata, bila kusafirishwa mtandaoni.

Hata kosa hufuata adabu hiyo ya kunyamaza. Seva ikishindwa, huweka juu ya rundo kitu kiitwacho CMO_ERROR2, chenye namba ya ujumbe ulioleta balaa. Mimi hapa situlii: mteja anayerundika amri bila kuchopoa anaweza kujenga ghorofa nzima juu ya kosa. SCSCP, itifaki ya baadaye iliyotoka Ulaya, humtaka mteja aseme ndani ya ombi lenyewe kama anataka jibu, rejea ya jibu hilo tu, au asirudishiwe kitu. Ni salama zaidi, ila ombi linakuwa zito.

Hesabu ikigoma kuisha, OpenXM ina njia ya pili, ya udhibiti. Mteja huamuru kukatiza. Kisha pande mbili hutupiana ujumbe wa OX_SYNC_BALL, yaani mpira wa kusawazisha, kila upande ukimwaga chochote kilichokuwa njiani mpaka mpira uufikie. Mabaki ya swali lililokatizwa hayapati nafasi ya kujifanya jibu la swali jipya.