Kiangazi cha Wageni, Januari Yetu

Nyeri haina kiangazi cha mapenzi, angalau si kile cha kwenye skrini. Julai, mwezi ambao vijana wa hadithi za Marekani wanavua mashati na kukimbilia baharini, sisi huku Ruring'u tumevaa jaketi mbili na mlima unaweza kujificha wiki nzima. Ndiyo maana nilicheka mwaka 2025 msimu wa tatu wa The Summer I Turned Pretty ulipoanza. Uliingia Julai ukaisha Septemba, na watu wangu wote waliutazama chini ya blanketi, kikombe cha chai mkononi, wakililia jua la watu wengine.

Sina ubaya na hiyo series. Jenny Han anaijua kazi yake. Familia mbili zinakutana kila mwaka kwenye nyumba moja ya ufukweni, na kila mtu anajua siku ya kufunga mizigo. Kalenda ndiyo inayovunja moyo. Hakuna haja ya mtu kuwa mbaya: shule zinafunguliwa, basi, imeisha, tukutane mwaka ujao ukiwa mrefu kidogo.

Shida ni tulichobeba kutoka pale. Nimesoma hadithi nyingi za mapenzi za vijana wenzangu, nyingine nikizihariri kwa malipo ambayo hayafiki bei ya chipo na smokie, na zimejaa majani yanayoanguka. Kwenye moja, wapenzi wanaachana kando ya mto Chania huku majani ya vuli yakidondoka majini. Manze, vuli gani hiyo? Kwa Kiswahili vuli ni mvua, ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, ambayo wazee wa huku wanaiita mvua ya mwere. Maharagwe yanachipua. Kahawa inaiva na watu wako shambani kuchuma tangu asubuhi. Wafasiri walitafuta neno la ule msimu wa Ulaya wa majani kupukutika, wakalichukua hili lililokuwa karibu, na sasa tunaandika kifo cha mapenzi katika miezi ambayo kila kitu kinaota. Isitoshe, kwa Kiswahili hichohicho kiangazi huja baada ya vuli, si kabla yake. Mwandishi aliyesikiliza lugha yake angeona kwamba ameshapewa mpangilio mwingine wa hadithi kabisa.

Kwa sababu kiangazi tunacho, tena cha mapenzi, ila kinaanzia Desemba. Hata mtaa unajua. Wanaorudi kutoka majuu tunawaita summer bunnies, ingawa wengi wao wametoka kwenye theluji. Ikikaribia Krismasi nauli ya Nairobi inapanda, ushago unajaa binamu, kila Jumamosi kuna ruracio mahali fulani. Kijana wa hapa anakutana na mtu wa Roysambu, au wa Boston, wanaelewana kwa wiki mbili kama wamejuana tangu nasari. Mbuzi anachinjwa, mwaka unaingia. Kisha mtu anapakia gunia la viazi kwenye buti ya matatu na kuahidi kupiga simu. Halafu Njaanuari: karo, madeni, jua kali. Asubuhi mlima uko wazi mpaka kwenye barafu na huna wa kumwonyesha.

Sasa angalia nani anasimulia. Hadithi ya kiangazi huandikwa na anayeondoka. Yeye ndiye mwenye picha kwenye simu, yeye ndiye anayekumbuka. Ule mji wa ufukweni wa kwenye series una watu wake, wanaouza aiskrimu na kufagia mchanga, lakini wageni wakishaondoka kamera inaondoka nao. Sisi wa Nyeri ndio watu hao. Ukiwa Ruring'u, wewe ndiwe ufuko. Na bado, tukikaa kuandika, tunajiweka kwenye kiti cha dirishani ndani ya gari linaloondoka.

Kitabu cha kwetu kilicholiona jambo hili vizuri zaidi hakiuzwi kama kitabu cha mapenzi. Ni A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1967. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alikiandika akiwa mwanafunzi wa uzamili Leeds, na shahada yenyewe hakuimaliza. Nalitaja hilo kwa ajili ya shangazi zangu wanaosoma hapa. Wengi wanakijua kama kitabu cha Uhuru na usaliti, cha Mugo na siri yake. Mimi nakisoma kama kitabu cha Gikonyo na Mumbi, yaani cha mapenzi yaliyopata msimu mmoja tu mzuri.

Msimu wenyewe ni mfupi sana. Gikonyo ni seremala mwenye gitaa. Mumbi anamletea panga la nyumbani kwao alitie mpini, naye anaushughulikia ule mpini kama vile anachonga kitu cha kanisani. Jumapili vijana wa kijiji wanakimbia kwenda stesheni kuangalia treni, si kusafiri, kuangalia tu, na siku moja Karanja anamshindanisha Gikonyo mbio. Karanja anashinda. Gikonyo ameachia njiani akarudi kwa Mumbi, na alasiri hiyo wawili hao wanakuwa msituni wakati mwenzao anahema peke yake kwenye jukwaa la stesheni. Kurasa chache tu, lakini hakuna hadithi ya ufukweni niliyosoma inayozifikia kwa joto.

Kisha Hali ya Hatari, ambayo ilitangazwa Oktoba 1952. Hakuna jani linaloanguka. Gikonyo anakamatwa na kukaa kizuizini miaka sita. Kinachomweka hai ni wazo la kumchongea Mumbi kigoda. Anarudi na kumkuta Mumbi amembeba mtoto, na mtoto ni wa Karanja.

Hapa ndipo Ngũgĩ anapowaacha mbali waandishi wa kiangazi. Kwao, kinachobaki ni kitu kidogo cha kutia mfukoni: mkufu, barua, wimbo. Kwa Ngũgĩ kinachobaki kinalia usiku na kinataka uji. Mtoto anamsogelea Gikonyo magotini akitaka kucheza, na Gikonyo anamsukuma mpaka anaanguka. Mumbi anaondoka na kurudi kwa wazazi wake. Mtu akiniambia hiyo si hadithi ya mapenzi kwa sababu ina siasa, nitamuuliza anadhani nauli, karo na viza ni nini.

Siku zinazosimuliwa kwenye kitabu zinaelekea Desemba 1963. Thabai ni kijiji cha kubuni, chenye sura ya Limuru zaidi kuliko ya huku, lakini mwezi huohuo, hapa kwetu, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaja Ruring'u kusalimisha silaha. Uwanja ninaoupita nikienda stejini ndio huo. Ukisikia historia ya siku ile utasikia habari za bunduki, nywele ndefu, Kenyatta. Sijawahi kusikia mtu akiuliza walikwenda nyumba gani jioni hiyo. Baadhi walikuwa msituni tangu ujana. Huku chini wake na wachumba walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya lazima, wakachimba handaki, wakazaa, wakazika. Fikiria milango mingapi ilibishwa wiki ile, na ni nani alifungua akiwa na mtoto mgongoni. Kwangu hicho ndicho kiangazi kikubwa zaidi cha Nyeri, watu wanarudi badala ya kuondoka, na fasihi yetu bado haijakiandika inavyostahili.

Ngũgĩ mwenyewe hakumaliza kazi. Lile tukio la Mumbi na Karanja analipitisha haraka mno. Karanja anamletea habari kwamba mumewe anarudi, Mumbi anachanganyikiwa kwa furaha, na kwenye kuchanganyikiwa huko mambo yanatokea. Msomaji wa leo anasimama hapo na kuuliza maswali ambayo mwandishi hakutaka kuyajibu. Alikubali? Alikuwa na nafasi ya kukataa, kwa mtu aliyekuwa na bunduki na madaraka ya mkoloni kijijini? Miaka sita ya Gikonyo tunaisikia mpaka nyayo, lakini miaka sita ya Mumbi inabidi tuiokote kwenye mazungumzo yake na Mugo. Ni mazungumzo mazuri, na yanaonyesha kwamba Ngũgĩ alijua mwenye kubaki ana hadithi. Hakumpa kitabu kizima, ndiyo hivyo.

Mwishoni anampa kitu, lakini. Gikonyo yuko hospitali, mkono umevunjika, na hasira imeanza kumtoka. Anataka warudiane na kuzungumza kuhusu mtoto. Ukiwa umezoea series unangoja wakumbatiane mvua ikinyesha. Mumbi anakataa njia ya mkato. Anamwambia kwa utulivu kwamba yaliyopita kati yao hayapitiki kwa sentensi moja, watahitaji kukaa na kufunguliana mioyo, kisha anaaga na kwenda zake. Anayeondoka chumbani safari hii ni yeye, na mwanamume ndiye anayebaki kitandani na kufikiri.

Anachofikiria ni kigoda kilekile cha kizuizini, cha mti wa muiri, ila anaanza kubadilisha sanamu zake kichwani. Yule mwanamke aliyepanga kumchonga, sasa atamchonga akiwa na mimba. Mimi nadhani bado anakosea kidogo, anampangia Mumbi mtoto kabla ya yale mazungumzo. Lakini kigoda chenyewe hatukioni. Kitabu kinaisha kikiwa bado hakijachongwa.