Mwezeshaji, Ukurasa Ule Haukuwa wa Kurukwa

Kuruka mwisho wa kesi ya Shailoki, mkopeshaji wa Kiyahudi, lilikuwa kosa, na tuliokuwepo kwenye kikundi cha kusoma pale Musoma tunajua kikao kilikufa papo hapo. Mpaka hapo tamthilia ya Mabepari wa Venisi ilisomwa vizuri: zamu zilipangwa, Waislamu na Wakristo walikaa kwa kuchanganyika, mapumziko yalipisha sala ya alasiri. Kisha Poshia, aliyejifanya mwanasheria, akashinda kwa hoja kwamba mkataba unatoa nyama bila tone la damu, watu wakashangilia, na mwezeshaji akafunua kurasa hadi kwenye kisa cha pete. Sababu yake ni kwamba yaliyobaki mahakamani yangechokoza watu wa dini.

Tukumbushane yaliyorukwa. Ratili ya nyama aliyoidai kutoka mwilini mwa mdeni wake Antonio, Shailoki haipati tena, na maisha yake yako mikononi mwa mtawala. Hapo Antonio, Mkristo, anataja masharti ya kumhurumia: Myahudi huyu awe Mkristo mara moja, na aandike kwamba akifa, mali yake itakwenda kwa binti yake na kijana Mkristo aliyemtorosha. Mtawala anasema akikataa, msamaha unafutwa. Shailoki anakubali kwa maneno machache, anaomba kuondoka kwa kuwa hajisikii vizuri, na haonekani tena mpaka tamthilia inakwisha.

Kikundi kilichoundwa ili watu wa dini mbalimbali waelewane kitapata wapi ukurasa unaokifaa kuliko huo? Mtu analazimishwa dini mbele ya sheria, na waliomlazimisha wanajiona wamemfanyia wema. Binti ameacha dini ya baba yake kwa ajili ya ndoa. Hilo la pili familia za Bunda na Butiama hazihitaji kusimuliwa. Kijana akileta mchumba wa dini nyingine, wajomba na mashangazi huitwa: nani atabatizwa, nani atasilimu, watoto watafuata upande gani? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu wawili hao wafunge ndoa ya kiserikali, kila mmoja akabaki na dini yake. Ugomvi wa wazazi haikuumaliza. Ndiyo maana mama aliyekaa karibu na mlango alikuwa ameshanyoosha mkono kabla kurasa hazijafunuliwa. Akaushusha.

Kiufundi, njia ilikuwepo. Ukurasa ungesomwa mara mbili: kwanza Mwislamu asome maneno ya Antonio na Mkristo asome ya Shailoki, kisha wabadilishane. Swali la kuanzia lisiwe nani mwenye haki, maana hilo hugawa chumba papo hapo. Liwe hili: binti huyu atarudije kwa baba yake baada ya siku ile? Hapo kila mmoja anazungumza kama mzazi au mtoto kabla hajazungumza kama mtetezi wa dini yake.

Aliyetutafsiria kitabu hiki hakuogopa. Mwalimu Nyerere alibatizwa Nyegina, hapo jirani, mwaka 1943, akaishi Mkatoliki wa kusali. Tafsiri yake ilipotoka 1969, aibu ya Wakristo wa Venisi ilikuwa humo, tuione. Sisi Wakristo wa leo tunamheshimu vipi ikiwa tunaficha alichokiacha wazi? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Vikundi vya zamani viliendeshwa kwa ujasiri zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Choo ni jambo la aibu kulizungumza mbele ya wakwe, lakini walilizungumza. Washairi nao hawakuwa waoga: Mathias Mnyampala, Mkristo wa Dodoma, aliiweka Injili katika utenzi, bahari iliyokuzwa na Waislamu wa pwani. Hakuomba radhi.

Na meza kuu iondolewe. Shehe na mchungaji wakiketi mbele, waumini wao husema yale tu yanayowapendeza viongozi. Pia dini si mbili tu katika mkoa huu. Wazee wa Kizanaki wanaoshika mila za mababu wanastahili kiti, na sijawaona wakialikwa.

Mwezeshaji ana nia njema na sauti nzuri ya kusoma, lakini amani aliyoilinda siku ile ilikuwa ya watu walionyamazishwa. Kabla ya kufungua kitabu kingine, kikundi kirudi mahakamani, kisome masharti ya Antonio neno kwa neno, na mama yule apewe nafasi ya kwanza kusema.