Nai Badala ya Filimbi

Kuna wimbo mmoja wa Georges Bizet ambao nimeupenda kwa miaka, na kila nikiusikia unanikera. Mwanamke wa Kiarabu anamuaga kijana mzungu aliyepita kwao. Anatamani abaki, akiona habaki, anamwomba japo awakumbuke. Muziki mtamu, sauti inapanda na kujipinda kama moshi wa udi. Lakini maneno ni ya Victor Hugo, kutoka Les Orientales, diwani ya mwaka 1829, na Hugo hakuwahi kufika huko Mashariki alikokuandika. Yaani bwana alikaa zake Ufaransa, akamtunga mwanamke wa Kiarabu, akamtia huba, akamtia machozi, halafu akamfanya amlilie mzungu anayekwenda zake.

Sasa huyo mwanamke wa kutungwa akija mwenyewe akasimama mbele ya maikrofoni, itakuwaje? Swali hilo ndilo linalonirudisha kila mara kwenye El Nour, albamu ya kwanza ya Fatma Said, soprano wa Misri, iliyotoka mwaka 2020. Jina la albamu halihitaji mkalimani kwetu: ni nuru.

Said alizaliwa Cairo mwaka 1991. Alianza kufundishwa sauti hukohuko na Neveen Allouba, naye soprano, kisha akaenda Berlin kwenye chuo cha muziki cha Hanns Eisler, halafu Milan kwenye akademia ya La Scala. Mwaka 2016 akaimba nafasi ya Pamina katika Filimbi ya Ajabu ya Mozart kwenye jukwaa la La Scala, na anatajwa kuwa soprano wa kwanza kutoka Misri kuimba pale. Wengi wakimwandika huishia hapo. Mimi hizi hadithi za "wa kwanza" zinanichosha kidogo, kwa sababu zinafanya ionekane kama opera imefika Misri juzi. Khedive Ismail alifungua jumba la opera Cairo mwaka 1869. Aida ya Verdi ilionyeshwa hapo kwa mara ya kwanza duniani tarehe 24 Desemba 1871, na Verdi mwenyewe hakuhudhuria. Jumba likateketea 1971, jipya likafunguliwa 1988. Kwa hiyo opera si ngeni kwa Misri. Kigeni ni Misri ile inayoimbwa ndani ya opera.

Hapo ndipo albamu inapogusa penyewe. Inaanza na Shéhérazade ya Ravel ya mwaka 1903, nyimbo tatu juu ya mashairi ya Tristan Klingsor. Wimbo wa kwanza, "Asie", ni orodha ya matamanio: nataka kuona Damascus, nataka kuona Uajemi, Uhindi, China, nataka hata kumwona mnyongaji akikata shingo ya asiye na hatia. Halafu msemaji anataka arudi kwao akawasimulie watu. Someni tena hilo, wapenzi wa fasihi. Lengo la safari ni kurudi na hadithi. Shehrzadi wa Alfu Lela Ulela alisimulia ili asiuawe. Huyu wa Klingsor anataka tu kitu cha kusimulia.

Said habadilishi neno hata moja. Kwenye wimbo wa pili, "La flûte enchantée", mjakazi yuko macho, bwana wake mzee kalala, na nje mpenzi anapiga filimbi. Ravel aliandika filimbi ya Kizungu. Said ameiweka nai, inayopigwa na Burcu Karadağ kutoka Uturuki. Hilo tu. Lakini sikiliza kinachotokea. Filimbi ya chuma hutoa sauti safi, iliyopigwa pasi. Nai ni tete. Pumzi inasikika, ule mkwaruzo wa hewa kabla noti haijatulia. Ghafla pale nje pana mtu. Mashariki ya Ravel ilikuwa picha ukutani, na sasa kuna anayepumua nyuma ya ukuta.

Kuna atakayesema hilo ni pambo tu. Nami niliwaza hivyo, mpaka nilipofika kwenye nyimbo za Kiarabu na kukuta "A'tini n-nay", nipe nai, maneno ya Gibran Khalil Gibran kutoka Al-Mawakib ya 1919, yaliyotiwa muziki na Najib Hankash na kufanywa maarufu na Fairuz. Nikaelewa. Nai ile ya Ravel haikuwa pambo, ilikuwa deni. Imeazimwa kwenye shairi ambalo Mwarabu mwenyewe anaiomba, ikapelekwa kwenye shairi ambalo Mfaransa aliiota.

Na kuna jambo dogo waliopita madrasa watalisikia upesi: ile ain. Mwimbaji wa opera hufundishwa kuacha koo wazi ili sauti itiririke. Ain inalibana koo. Said anaibana. Haikwepi, hailainishi ili isikike Kiitaliano. Kwangu hiyo ain moja ni hoja nzito kuliko mahojiano kumi kuhusu kuunganisha tamaduni.

Ila nina lawama yangu. "El Helwa Di" ya Sayed Darwish ni wimbo wa alfajiri, msichana anakanda unga, jogoo anawika. Darwish, aliyefariki 1923 akiwa na miaka 31 tu, aliwahi kufanya kazi na waashi, na nyimbo zake zina vumbi la mtaa. Hapa vumbi limefutwa. Mpangilio ni wa kisasa, mzuri, nadhifu mno. Sioni unga mikononi. Na zaidi ya hapo, kila wimbo unakwisha haraka. Sisi tuliolelewa na taarab, tuliozoea udi na ganuni, tunajua neno lenyewe latoka kwenye tarab, ule msisimko unaokuja mwimbaji anaporudia mstari kwa sababu msikilizaji kaomba, kisha anaurudia tena, tofauti. Umm Kulthum aliweza kukaa na wimbo mmoja saa nzima. Said anauimba mstari vizuri, halafu anapita. Opera imempa koo na pumzi. Imemnyima subira ya kurudia, au labda ni studio iliyomnyima.

Basi turudi kwa Bizet, maana wimbo wake nao umo. Nilitegemea Said ataukejeli, au ataulilia. Hafanyi lolote kati ya hayo. Anauimba bila kubembeleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona wapita njia wengi. Pale mwishoni, anapomwambia mgeni awakumbuke, sisikii tena ombi. Nasikia mwenye nyumba akimsindikiza mgeni mpaka mlangoni, kisha anarudi ndani ambako kuna kazi zake, lugha yake, na nai yake.

Bado wimbo unanikera. Lakini sasa namkasirikia Hugo. Yule mwanamke simwonei huruma tena.