Uzito wa Machozi: Uhakiki wa The Light Princess ya George MacDonald

1. Utangulizi

Katika fasihi ya vijana, hasa ile iliyojengwa juu ya mambo ya ajabu, mhusika asiye na hisia hurudi mara kwa mara. Mara nyingi ni msichana: hahuzuniki, hapendi, haogopi, na kisa kizima husubiri siku ambayo moyo wake utafunguka. Siku hiyo ikifika, msomaji husema kwamba mapenzi yameshinda, akafunga kitabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mojawapo ya hadithi za awali za aina hiyo, The Light Princess ya George MacDonald, iliyotolewa mwaka 1864, inasema jambo gumu zaidi. Ndani yake hisia ni uzito, yaani kifungo kinachomshikamanisha mtu na wenzake. Kifungo hicho kikisha kukatika, hakirudi kwa kungojea moyo uguswe. Hurudi kwa tendo.

2. Mtunzi na mazingira ya hadithi

MacDonald alizaliwa mwaka 1824 mjini Huntly, Uskoti, akafariki mwaka 1905. Alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka minane. Alisoma kemia na fizikia mjini Aberdeen, kisha akawa mchungaji mjini Arundel, Uingereza, kazi aliyoiacha mwaka 1853 baada ya kutoelewana na waumini wake juu ya mafundisho yake. Mambo hayo yote, yaani msiba wa utotoni, sayansi ya vitu na mahubiri, yanakutana katika hadithi hii, ambamo kanuni ya fizikia inageuzwa kuwa swali juu ya roho.

Ni muhimu kukumbuka mahali hadithi ilipotokea kwanza. Haikutolewa peke yake, bali ndani ya riwaya iitwayo Adela Cathcart. Adela ni msichana anayeugua ugonjwa usio wa mwili: hana hamu ya kitu chochote, na maisha yamemchosha kabla hajayaishi. Daktari kijana, Harry Armstrong, anaona kwamba dawa za kawaida hazitafaa. Basi jamaa na marafiki wanakusanyika wakati wa Noeli, na kila mmoja anasimulia hadithi mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo hadithi ya msichana asiyeweza kulia inasimuliwa kwa msichana asiyeweza kufurahi. Mwaka 1867 iliingizwa katika mkusanyo wa Dealings with the Fairies, na tangu hapo wengi wameisoma bila riwaya iliyoizaa. Wakiisoma hivyo, huiona kuwa mchezo wa watoto, wala hawajui kwamba mtunzi aliitoa kwanza kama dawa.

3. Kisa kwa ufupi

Mfalme mmoja anapata binti baada ya kungoja kwa muda mrefu. Anapoandika barua za kuwaalika watu kwenye ubatizo, anamsahau dada yake, Makemnoit, mwanamke mchawi na mwenye chuki. Dada huyo anakuja bila kualikwa, anayaroga maji ya ubatizo, na mtoto anapoteza uzito wake. Anaelea kama unyoya; upepo mdogo unampeperusha, na anapokua hana budi kufungwa kwa kamba za hariri ili asipotee angani.

Pamoja na uzito wa mwili, ameondokewa na uzito wa moyo. Ndani ya ziwa tu, karibu na jumba la baba yake, mwili wake unakuwa mzito kama wa watu wengine, na tabia yake inatulia. Mwana wa mfalme wa nchi nyingine anamkuta humo, anampenda, na usiku baada ya usiku wanaogelea pamoja. Makemnoit anapojua kwamba binti huyo ana furaha ziwani, anatumia nyoka mweupe kulinyonya ziwa kwa chini mpaka likauke. Katika tope la ziwa linaonekana bamba la dhahabu lenye maandishi: tundu haliwezi kuzibwa ila kwa mwili wa mtu aliye hai, anayejitoa kwa hiari yake. Mwana wa mfalme anajitoa. Sharti lake ni moja tu: binti mfalme akae karibu naye, amlishe kwa mkono wake, na amtazame maji yanapopanda.

4. Nyumba inayosahau

Wahakiki huanza kwa kawaida na uovu wa mchawi. Lakini hadithi yenyewe inaanza na kosa la mfalme. Mtunzi anatuambia kwamba hata baba yao, mfalme wa zamani, alimsahau binti yake huyo katika wasia wake. Ndiyo maana si ajabu kaka naye akimsahau. Ukoo huu una desturi ya kusahau watu wake.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili lina maana ya pekee. Makemnoit si mgeni. Ni shangazi wa mtoto. Katika jamii zetu nyingi shangazi ana sauti katika mambo ya mtoto wa kaka yake, na kumruka katika siku ya kumpa mtoto jina si kosa la karani aliyepungukiwa na karatasi. Ni kuvunja udugu. Uovu wa Makemnoit hauhalalishwi kwa hayo, maana anamwadhibu asiye na hatia. Hata hivyo laana yake inafanana na kosa lililoizaa: mfalme aliuchukua udugu kama kitu chepesi, naye anapewa mtoto mwepesi. Upungufu wa hisia haukuanza kwa msichana, ulianza kwa wazee wake.

5. Kicheko kisicho na tabasamu

Ustadi wa MacDonald katika kumchora mhusika wake unaonekana katika jambo moja: binti huyu hakuumbwa kuwa jiwe. Hanuni wala hanyamazi. Anacheka mchana kutwa. Anaambiwa kwamba jemadari wa baba yake ameangamizwa pamoja na jeshi lake, anacheka. Anaambiwa kwamba adui yuko njiani kuuzingira mji, anacheka zaidi. Mama yake anapolia, anamwona kuwa anakunja uso kwa namna ya kuchekesha. Lakini mtunzi anaongeza kwamba binti huyo hakutabasamu hata mara moja, na kwamba kicheko chake kilipungukiwa na kitu fulani.

Hapa ndipo ulipo uchambuzi wa kweli. Tabasamu lina mtu linayemwelekea, na kicheko kinaweza kuwa cha mtu peke yake. Binti mfalme ana furaha isiyokuwa na mwenzake, na furaha ya namna hiyo inamfanya awe tishio bila kukusudia ubaya. Asiyeweza kuhuzunika kwa kifo cha wengine hawezi pia kufurahi kwa uzima wao.

Wataalamu wawili wanaoitwa na mfalme, Hum-Drum na Kopy-Keck, wanazidisha kejeli. Mmoja anaona chanzo katika mwili tu, mwingine katika roho tu. Wanashindana kwa maneno makubwa, na matibabu wanayopendekeza ni mabaya kuliko ugonjwa. Hakuna hata mmoja anayeuliza msichana anaishi na nani na kwa namna gani. Inafaa kutambua pia kwamba wataalamu hawa na mchawi wamepewa majina, na binti, mwana wa mfalme na wazazi hawana. Wenye majina ni wale wanaochekwa au kuogopwa, na wasio na majina ni wale ambao msomaji anaweza kujiweka mahali pao.

6. Tendo lililotangulia machozi

Ziwa linapokauka, binti mfalme anadhoofika na kujifungia chumbani. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya uchungu ndani yake. Lakini ni uchungu wa kupoteza kitu chake, si mtu. Wakati huohuo ukame unaenea katika nchi yote, hata watoto wachanga wanalia bila machozi. Kwa picha hiyo moja mtunzi anaonyesha kwamba maradhi ya mtu mmoja wa jumba la mfalme yamekuwa maradhi ya taifa.

Mwana wa mfalme anapokaa juu ya tundu, binti anakubali kwa sababu anataka ziwa lake. Anamlisha biskuti na divai, na maji yanapopanda anafurahia maji. Mpaka mwisho kabisa hatuambiwi kwamba moyo wake umebadilika. Maji yanafika kinywani mwa kijana, kisha puani, kisha yanamfunika. Hapo binti anapiga yowe na kujitupa majini. Anamvuta kwa nguvu zake zote, anamtoa, anampakia mashuani, anampeleka kwa yaya wake mzee, na usiku kucha wawili hao wanapigania uhai wake. Ni alfajiri, kijana anapofumbua macho, ndipo binti anapoangua kilio na kuanguka sakafuni. Analia kwa muda mrefu, na nje mvua inanyesha juu ya nchi yote.

Mpangilio huu ndio kiini cha hadithi. Machozi hayakumtuma aokoe. Aliokoa, akafanya kazi usiku mzima, kisha machozi yakaja. Kama mtunzi angetaka kusema kwamba mapenzi huyeyusha moyo, angemliza binti kwanza halafu amtupe majini. Badala yake ameweka mkono mbele ya jicho.

Mtindo nao unafuata njia hiyo. Katika kurasa za mwanzo msimulizi hawezi kupita sentensi mbili bila kucheza na maneno. Naye pia ni mwepesi. Katika tukio la tundu mizaha inanyamaza karibu kabisa. Lugha yenyewe inapata uzito kabla ya binti kuupata.

7. Uzito katika Kiswahili

Hadithi hii imesimama juu ya neno moja la Kiingereza lenye maana mbili: nguvu ya ardhi ivutayo vitu, na hali ya kutofanya mzaha. Mfasiri akichagua neno la sayansi, uvutano, ataokoa fizikia na kuiua hadithi. Kifaransa kina neno gravité linalobeba maana zote mbili, lakini kivumishi légère kinaposemwa juu ya mwanamke humtia doa la uasherati ambalo mtunzi hakulikusudia.

Kiswahili kimebahatika. Neno uzito, au buzito kama lisemwavyo na wengi mjini Lubumbashi, hupima gunia la mahindi na pia hupima jambo. Tena linafika mahali ambapo neno la Kiingereza halifiki, kwa kuwa mwanamke anayebeba uhai wa mwingine ndani yake huitwa mja mzito. Lugha yetu ilikwisha kusema kwa neno hilo kile ambacho MacDonald alitumia hadithi nzima kukisema. Vilevile, msimulizi anafanya mzaha kwamba asiyeweza kuanguka hawezi kuanguka katika mapenzi. Kwa Kiswahili watu huzama katika mapenzi, na katika hadithi hii kuna kijana anayezama kwelikweli. Methali nayo husema kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hapa damu ya ukoo ilikuwa nyepesi, na maji ndiyo yaliyompa mtoto uzito.

8. Kasoro

Hadithi haikosi udhaifu. Uponyaji wa msichana unanunuliwa kwa mwili wa mwanamume, naye anaonyeshwa kana kwamba hangeweza kupata utu wake bila mtu kuwa tayari kufa kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, udugu uliovunjwa mwanzoni hautengenezwi. Maji yanaubomoa msingi wa nyumba ya Makemnoit, naye anafukiwa humo. Mfalme hasemi neno la majuto kwa dada yake. Mtunzi aliyelitambua kosa la nyumba inayosahau ameiruhusu nyumba hiyo isahau tena. Kwa upande mwingine, lawama ya John Ruskin, aliyeisoma hadithi kabla haijachapishwa na kuona kwamba mapenzi ya ziwani yamezidi, haina nguvu nyingi. Bila usiku ule wa kuogelea, yowe la mwisho lingekuwa halina chanzo.

9. Hitimisho

Baada ya kulia, binti mfalme hawezi kutembea. Inambidi ajifunze kama mtoto. Anaanguka, anaumia, na kulalamika kwamba kama huu ndio uzito uliosifiwa sana, basi alikuwa na heri bila huo. MacDonald hakuficha gharama hiyo. Mwenye kuhisi huumia magoti.

Kwa wanafunzi wa fasihi, faida ya hadithi hii ni kwamba inawafundisha kuutazama mpangilio wa matukio kabla ya kuhukumu dhamira. Kwa walimu na wazazi ina onyo: mbele ya kijana anayecheka penye msiba, ni rahisi kuwaita wataalamu wawili wabishane juu ya mwili na roho. Ni vigumu zaidi kuuliza ni nani aliyesahauliwa katika nyumba hiyo, na ni kazi gani ya kuwasaidia wengine ambayo kijana huyo hajawahi kupewa.