Kuisoma Picha ya Mwenzako

Ikifika saa nne asubuhi, jua la Lodwar, mji wa Turkana nchini Kenya, humtesa mpiga picha. Mchanga unametameta, anga imepauka, na kamera, ambayo hupima mwanga kama vile dunia nzima ina rangi ya kijivu cha wastani, hupunguza mwanga ili kuutuliza ule weupe. Uso wa mtu unabaki giza tupu. Atakayekuambia “picha haijatoka” hajakusaidia. Wa kumshukuru ni yule anayesema: pima mwanga kwenye shavu lake, anga iache iungue.

Kazi hiyo ya kumwambia mtu neno atakaloweza kulitumia nimeiona ikifanywa kwa ustadi Nawoitorong, nyumba ya wageni ya kikundi cha akina mama nje kidogo ya mji. Mwalimu wa darasa la upigaji picha alikuwa amezoea kufundisha vijana Kakuma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako Wasudani, Wasomali na Wakongo huketi mbele ya picha moja na kila mmoja akaona lake. Labda ndiyo maana hana haraka. Picha ikiwekwa mezani, aliyeipiga hunyamaza. Wengine hutaja wanachokiona tu. Kupenda na kutopenda kunangoja. Nadhani hapo ndipo penye ufundi wote, kwa sababu mpigaji anagundua kilichomfikia mtazamaji kabla hajaanza kujitetea.

Siku niliyokuwepo, kijana mmoja aliweka picha ya mama anayesuka kikapu cha majani ya mkoma. Wenzake waliona kikapu, shanga na tabasamu. Kisha mwalimu akamgeukia kijana.

“Ulikuwa unatafuta nini hapa?”

“Nilitaka aonekane akiwa kazini, mwalimu.”

“Vidole vyake viko wapi?”

Kijana akainama kuitazama. Alikuwa amepiga akiwa amesimama, na ukingo wa kikapu ulikuwa umevificha vidole vyote. Mwalimu hakugusia mwanga wala mandhari ya nyuma, ingawa pote palikuwa na la kusema. Akasema moja: “Kesho piga magoti, lenzi iwe usawa wa mikono yake.” Kujizuia huko nakuheshimu sana. Ukimrundikia mtu kasoro saba kwa mara moja, ataondoka na uchungu tu.

Halafu akafanya jambo ambalo ningependa lifanywe kila mahali: akampelekea mama mwenyewe picha ile. Turkana imepigwa picha nyingi, na nyingine zimefika mbali, kama zile za mpiga picha Mkenya Mohamed Amin katika kitabu chake cha mwaka 1981, Cradle of Mankind. Lakini aliyemo pichani huulizwa mara chache kama imemtendea haki.

Mama aliitazama kwa utulivu, kisha akaweka kidole pale shanga zilipomfunika shingo. Shanga za juu zilionekana. Pete ya chuma ya shingoni, ile ya mwanamke aliyeolewa, ilikuwa imefichika.

“Umeniondolea ndoa yangu,” akasema.

Hakuna mtaalamu wa kamera ambaye angeliona hilo. Kijana hakueleza wala kuomba radhi kwa maneno mengi. Akafungua daftari, akaandika: magoti chini, pete ionekane. Kisha akauliza, “Mama, kesho nije saa ngapi?”

“Njoo mapema,” akajibiwa. “Kikapu hiki kinakaribia kwisha.”